Mgongoni mwa Jiwe la Mwalimu Dou

Kwa miaka arobaini na saba Luan Guizhi alisimama kila asubuhi, mingi ya miaka hiyo chini ya misonobari ileile ya Bustani ya Mashariki mjini Baoding, Uchina, magoti yamelegea kidogo, mikono imeinuliwa mbele ya kifua kama mtu aliyekumbatia mtungi, na kwa miaka hiyo yote watu walimwambia kwamba bila shaka ana subira nyingi. Hana. Hakuwahi kuwa nayo. Kama yupo mtu anayeweza kusimama saa nzima bila kutikisika huku moyoni akiwagombeza wote waliomo bustanini, mmoja baada ya mwingine, basi ni yeye. Aliwagombeza wanawake wa dansi kwa sababu ya kipaza sauti chao. Aliwagombeza wazee waliochapa pia zao za kuzungusha kwa mijeledi kana kwamba pia zimewatukana. Lakini zaidi ya yote aliyagombeza mabega ya watu.

Mabega yalimkera kuliko kitu chochote duniani. Mtu anakuja kujifunza zoezi la kusimama, la kutuliza mwili na pumzi, unamwambia asimame tu, asifanye jambo lolote lingine, na papo hapo mabega yanapanda hadi masikioni. Guizhi alikuwa akienda nyuma ya mtu huyo, anaweka vidole viwili chini ya shingo yake, anasema, "Mabega." Basi. Hakuna maelezo, hakuna hotuba. Ndivyo alivyofundishwa na Mwalimu Dou, na Mwalimu Dou alifundishwa hivyo na mzee Pang, na mzee Pang na mtu mwingine ambaye jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha nasaba ya walimu na wanafunzi ila hakuna aliyehakikisha kama aliwahi kuishi.

Mwaka wa sabini na sita Guizhi alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja katika kiwanda cha chupa za chai. Kazi yake ilikuwa kuzigonga chupa kwa ukucha na kusikiliza kama zina ufa. Tumbo lilimsumbua, usingizi haukuja, akawa mwembamba hata msimamizi akamwambia aache kujificha nyuma ya ufagio. Dou alikuwa mchochea makaa kwenye tanuri la mvuke la kiwanda. Kila asubuhi kabla ya zamu alisimama nyuma ya jengo la tanuri akiangalia ukuta. Guizhi alimuuliza anasubiri nini. "Sisubiri kitu," akasema Dou. "Simama hapo nawe usisubiri." Guizhi akasimama. Baada ya miezi miwili akaanza kulala. Baada ya mwaka akaanza kula hadi mama yake akalalamika.

Dou alikufa akiwa na miaka themanini na mbili. Sasa miaka kumi imepita, na wanafunzi wake wameamua kumwekea kaburini jiwe kubwa litakalozinduliwa siku ya kufagia makaburi, mwezi wa nne. Mbele litakuwa na jina lake. Mgongoni, kama ilivyo desturi, yataandikwa majina ya wanafunzi wake wote kwa mpangilio wa kuingia. Msimamizi wa mambo yote hayo alikuwa Ning Baoshan, mkaguzi wa mita za maji, mtu anayependa orodha kuliko anavyopenda chakula.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, Ning alimfuata Guizhi chini ya misonobari akiwa na jalada kwapani.

"Dada Guizhi, kuna tatizo dogo."

"Kama ni dogo mbona umelibeba kwa jalada?"

"Ni kuhusu jiwe. Nimepitia kitabu chote cha nasaba. Picha, kadi nyekundu za kuomba kupokelewa, majina ya mashahidi. Watu ishirini na watatu wana kadi." Akakohoa. "Wewe huna. Hukupiga magoti."

"Sikupiga nini?"

"Magoti. Kwa mwalimu."

Guizhi alishusha mikono. Katika kusimama hiyo ni dhambi, unatakiwa kuishusha polepole, lakini aliishusha kama mtu aliyeungua. "Ning Baoshan. Mwaka wa sabini na sita ungempigia mtu magoti pale kiwandani, kesho yake nyote wawili mngekuwa mnasimama jukwaani na ubao shingoni, mkizomewa kwa kufuata mila za kale. Nani angepiga magoti?"

"Hilo naelewa, dada. Hilo nimeliandika kwenye maelezo ya chini. Lakini baadaye? Kuanzia tisini na mbili mpaka anafariki kulikuwa na sherehe saba za kupokea wanafunzi. Sherehe saba! Hukupiga magoti kwenye hata moja."

Hapo alimgusa penyewe, na wala hakujua. Guizhi aliomba mara tatu. Mara ya kwanza alinunua hadi kadi nyekundu, akaandika jina lake kwa kalamu ya brashi, akaharibu kadi nne kabla ya kupata nzuri. Mwalimu Dou aliitazama, akamrudishia. "Wewe simama," akasema. Mara ya pili, "Wewe simama." Mara ya tatu alikwenda nyuma yake akamgusa shingo. "Mabega." Na huku wafanyabiashara wa magodoro waliosimama miezi miwili wakipokelewa kwa fataki na picha! Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka ishirini, na hakumwambia mtu.

"Lakini nimepata njia," akasema Ning, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata mita iliyovuja. "Desturi inaruhusu mwanafunzi mkubwa kumpokea mtu kwa niaba ya marehemu. Tunaweka picha ya mwalimu kwenye kiti. Mimi nakaa kiti cha pembeni kama mkubwa. Wewe unapiga magoti, unainamisha paji la uso mara tatu, unatoa chai. Basi. Unaingia kitabuni, unaingia kwenye jiwe."

"Naingia wa ngapi?"

Ning alifungua jalada ingawa alijua. "Wa ishirini na nne."

"Na wewe?"

"Utaratibu ni tarehe ya kuingia, dada, si umri..."

"Na wewe, Ning?"

"Wa kwanza." Angalau alikuwa na haya ya kuangalia viatu vyake. "Kwa hiyo kitabuni, kitabuni tu, nitakuwa kaka yako mkubwa."

Hebu fikiria. Mwaka wa themanini na tisa kijana mmoja mwenye jalada (hata wakati huo alikuwa na jalada) alikuja bustanini na mabega yaliyokaa kama kitu kilichoning'inizwa ukutani. Mwalimu Dou alimwangalia kwa dakika moja akachoka. "Guizhi, kamnyooshe yule." Guizhi alimnyoosha kwa miaka mitatu. Mvua, theluji, vumbi la masika. Alimweka vidole shingoni mara nyingi kuliko alivyowahi kumkumbatia mumewe. Na sasa huyo ndiye atakayeketi kwenye kiti na Guizhi ampelekee chai akiwa chini sakafuni.

Nyumbani alikata kabichi kwa kishindo hata mumewe, Changhe, akaacha sataranji yake na kuja mlangoni.

"Kabichi imekufanya nini?"

Akamweleza yote. Changhe alifikiri, akamega mkate wake wa nyama ya punda, akatafuna. Yeye katika maisha yake hajasimama hata dakika moja isipokuwa akisubiri basi.

"Piga magoti yaishe," akasema. "Magoti yenyewe yanakuuma siku hizi, utapiga haraka."

"Ondoka jikoni kwangu."

"Au usipige. Jina lako unalijua, la nini kulisoma kwenye jiwe?"

"Changhe, nimesema ondoka."

Aliondoka, lakini swali lake lilibaki pale na kabichi. La nini? Guizhi hakutaka kuonewa huruma, wala hakuhitaji kujulikana na wauza magodoro. Alitaka jambo moja tu. Alitaka paandikwe mahali, kwa kitu kisichofutika, kwamba Dou alimfundisha, na kwamba yeye hakuwa mwanamke fulani aliyekuwa akisimama karibu na wanafunzi. Hilo tu. Ni mengi?

Na jambo lililomtia hasira zaidi ni kwamba alikuwa na silaha. Alikuwa nayo mdomoni, tayari, na hakuweza kuitumia. Siku zile za mwisho hospitalini, Mwalimu Dou alimwita karibu na kitanda, akamwambia kwa aibu kama mtoto aliyevunja bakuli: "Guizhi, mimi mwenyewe sikumpigia magoti mzee Pang. Tulikuwa tunapakua makaa wote. Tulisimama tu. Ning aliponiuliza habari za kitabu nilikohoa, naye akaandika ndiyo. Usiwaambie. Watoto wamefurahi."

Kwa hiyo sentensi moja ilitosha. Kama asiyepiga magoti si wa nyumba hiyo, basi Dou si wa nyumba hiyo, na watu ishirini na watatu waliompigia magoti wamepigia hewa. Kitabu kizima, fataki zote, picha zote, puu. Aliifanyia sentensi hiyo mazoezi wiki nzima. Aliisema kimoyomoyo akifua, akinunua jibini ya soya, akisimama. Ilikuwa tamu kweli.

Siku ya Alhamisi, kama kila Alhamisi, alimpelekea mjane wa Dou jibini ya soya. Mama Mwalimu, ndivyo wanafunzi wanavyomwita, alikuwa na miaka themanini na tisa, ameketi dirishani akimenya karanga asizoweza kuzitafuna.

"Mama Mwalimu, kwa nini hakunipokea?"

"Nani?"

"Mwalimu. Niliomba mara tatu."

Bibi alimenya karanga mbili. "Mbona hukumuuliza mwenyewe? Alikuwepo miaka mingi."

Hiyo ndiyo familia aliyoipenda Guizhi. Ukiwauliza jambo, wanakupa karanga.

Mwishowe Guizhi alikubali kupiga magoti. Sijui kama alikubali kwa hasira au kwa uchovu. Yeye mwenyewe husema kwamba Ning alimpigia simu mara tisa na ya kumi ilikuwa lazima ikome. Jumapili saa sita mchana walikusanyika katika chumba cha faragha cha hoteli moja karibu na stendi. Meza tatu za mviringo, samaki mzima akiwa jikoni akisubiri, kitambaa chekundu ukutani, na picha ya Mwalimu Dou juu ya kiti. Ilikuwa picha ya pasi ya basi iliyokuzwa, na mpiga picha inaonekana alimwambia mzee ajikaze, kwa sababu mabega yake yalikuwa juu. Guizhi aliiona hiyo mara alipoingia na akakereka upya.

Kando ya picha aliketi Ning, akiwa na suti mpya. Ishirini na wawili walijipanga ukutani, simu mikononi. Mama Mwalimu alipewa kiti cha mbele na kikombe cha maji moto. Mtu akasoma hotuba, ndefu. Kisha akaita, "Anayeomba kupokelewa na asogee!"

Guizhi akasogea, kikombe cha chai mikononi. Mto mwekundu wa kupigia magoti ulikuwa mbele yake. Na wallahi alikuwa amekwisha kukunja goti la kulia, alikuwa anakwenda chini, alipomtazama Ning. Jamaa alikuwa amekaa wima kama afisa wa serikali anayepigwa picha, na mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Miaka mitatu ya theluji! Guizhi angeweza kumeza mengi siku ile, na mengi alikwisha kuyameza, lakini hilo lilimkwama kooni. Huwezi kumpigia magoti mtu mwenye mabega kama yale.

"Mabega," akasema.

Ning akashusha mabega. Papo hapo, bila kufikiri, kifua kikalegea, pumzi ikatoka. "Ndiyo, mwalimu," akasema.

Chumba kizima kilisikia. Kando ya ukuta pakasikika kitu kama upepo mdogo: wote ishirini na wawili walikuwa wameshusha mabega yao. Mwuza magodoro mmoja aliangusha simu. Mama Mwalimu alianza kucheka mpaka maji yakamwagika kwenye magoti yake.

Ning alikuwa mwekundu kuliko kitambaa. Lakini ni mtu wa haki, hilo lazima nimpe, ni mtu wa haki kwa namna yake ya kuudhi. Aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Haiwezekani," akasema. "Nimemwita mwalimu mbele ya mashahidi. Siwezi kumpokea kama mdogo wangu mtu aliyenifundisha. Kitabu hakitasimama."

"Vizuri," akasema Guizhi, kikombe bado mkononi. "Basi niandike wa kwanza."

"Siwezi. Hukupiga magoti."

"Nilikuwa napiga sasa hivi, Ning! Umeinuka!"

"Ndiyo, kwa sababu siwezi kukupokea." Alifungua jalada, akaligeuza kurasa, akalifunga. Kweli alikuwa na huzuni. "Dada Guizhi, kuwa mdogo wetu huwezi, kwa kuwa ulitufundisha. Kuwa mkubwa wetu huwezi, kwa kuwa hukupokelewa. Nimeangalia kila upande. Hakuna safu yako."

Hakuna safu yako. Miaka arobaini na saba. Ile sentensi ikampanda Guizhi yenyewe, nzima, imeiva. Alifungua mdomo. "Mnajua," akasema, "mwalimu wenu—"

Wakamgeukia wote. Nyuso ishirini na tatu za wanaume wazima, wengine wenye vitambi na shinikizo la damu, wamesimama na mabega yao chini kama alivyowazoesha. Na juu ya kiti yule mzee mwenye mabega juu. Watoto wamefurahi.

"Mwalimu wenu," akasema Guizhi, "alichukia samaki aliyepoa. Leteni chakula."

Akaketi, akala. Alikula kwa hasira, akatema miiba kwa hasira. Mama Mwalimu hakula kitu. Alikuwa akimtazama.

Siku ya kufagia makaburi kulikuwa na jua na vumbi. Guizhi hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu mtu lazima amshike Mama Mwalimu mkono kwenye njia ya mawe, na alikwenda akimwambia Changhe njia nzima kwamba haendi kuangalia jiwe lolote. Walipofika, Ning na wenzake walikuwa wamekwisha kulizunguka upande wa nyuma, wanapiga picha, kila mtu anatafuta jina lake kwa kidole. Majina ishirini na matatu, yamepangwa kama mita.

"Njoo huku mbele," akasema Mama Mwalimu.

"Naona vizuri hapa."

"Guizhi. Njoo mbele."

Mbele kulikuwa na jina la mwalimu kwa maandishi makubwa, na chini pembeni, mahali ambapo familia huandika waliosimamisha jiwe, mistari miwili. Mwana, Dou Liqun. Huyo yuko Guangzhou, huja kila baada ya miaka mitatu. Na chini yake: Binti, Luan Guizhi.

Ning alikuja na jalada lake, akasoma, akasoma tena. "Mama Mwalimu, nadhani fundi amekosea. Huyu si wa ukoo—"

"Fundi hakukosea, nilimpigia simu mimi," akasema bibi. "Mgongo wa jiwe ni wenu, andikeni mnavyotaka. Uso ni wangu."

Ning alipekua jalada. Hakukuwa na kanuni ya upande wa mbele. Akarudi nyuma kwa wenzake.

Guizhi alimgeukia bibi. "Sikuomba kuwa binti," akasema, na sauti ilimtoka mbaya. "Baba nilikuwa naye. Nilitaka kuwa mwanafunzi. Kwa nini kila mtu wa nyumba hii hunipa kitu nisichoomba? Kwa nini hakunipokea?"

Bibi alimshika mkono wa koti. "Nilijua utauliza tena. Alisema hivi. Wale wengine wanapiga magoti kwa ajili ya picha, waache, hakuna hasara. Guizhi akipiga, atakuwa amepiga kweli. Na mwalimu mwenyewe aliona haya kuyapokea, kwa kuwa yeye hakumpigia mtu." Akashusha sauti, ingawa wanaume walikuwa mbali. "Siku ile pale hotelini nilidhani utawaambia."

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyewapelekea uji pale kwenye makaa, yeye na Pang. Nisijue?"

Guizhi alilia, na alikereka kwamba analia mbele ya wauza magodoro. Kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akafanya jambo pekee alilojua: akaweka miguu sawa mbele ya jiwe, akalegeza magoti, akainua mikono. Kwikwi zilikuwa zinamtikisa. Nyuma ya jiwe picha zilikuwa zikiendelea.

Ndipo vidole viwili, vikavu, vyenye harufu ya karanga, vikamgusa chini ya shingo. Miaka kumi hakuna aliyekuwa amemgusa pale.

"Mabega," akasema Mama Mwalimu.

Guizhi akayashusha. "Ndiyo," akasema.